Nizipeleke wapi picha zangu ziuzike?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Tanga, napiga picha za harusi na sendofu, siku zisizo na kazi nashinda pale Deep Sea napiga wavuvi, ngalawa, akina mama wanaokaanga samaki. Zimeshafika kama mia nne nzuri tu na zimekaa, nataka niziuze mtandaoni. Mmoja ananiambia Shutterstock, mwingine Flickr, mwingine eti nifungue tovuti yangu. Nichague ipi? Nyingi nimezitunza WhatsApp. – Mpiga picha, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenigusa maana kila mtu anakutajia saiti, hakuna anayekwambia hela itakufikiaje. Mimi miaka kadhaa nyuma nilipakia picha mia mbili na kitu kwenye saiti moja, nimekesha na bando la usiku wiki nzima, naandika maelezo ya picha mojamoja, mauzo yakaanza kuingia nikafurahi kweli, siku ya kutoa hela nakuta njia ya malipo ni moja tu na kwa huku kwetu haipokei. Iliniuma sana. Kwa hiyo kabla hujapakia hata picha moja fungua ukurasa wao wa malipo usome. PayPal, ile njia ya kutumiana hela mtandaoni, kwa Tanzania imekuwa ni ya kutuma tu kwa miaka mingi, wenzetu Kenya tangu 2018 wanaitoa mpaka M-Pesa, wewe tafuta saiti inayolipa kwa Payoneer, nayo ni njia kama hiyo, maana hela yake unaitoa kwenye akaunti yako ya benki.

Halafu kuna fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, usiikimbie. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani kwa hiyo mauzo yanayotoka kule yanakatwa asilimia 30, ukiona hela imepungua usidhani umeibiwa.

Sasa saiti zenyewe. Flickr ipo tangu 2004, ni nzuri kwa kuonyesha kazi watu wakakujua, akaunti ya bure mwisho picha 1,000, lakini sio duka. Shutterstock na Adobe Stock ndio maduka, zinauza haki ya kutumia picha, wanunuzi wengi wanalipa kwa mwezi wanachukua picha wanazotaka, ndio maana wewe unapata senti. Shutterstock unaanza na asilimia 15 na unapanda kadiri unavyouza ila kila tarehe 1 Januari unarudishwa chini kabisa, Adobe Stock wanakupa asilimia 33 na haishuki. Hapo mimi kura yangu ni Adobe kwa anayeanza. Ila piga hesabu: hawakulipi mpaka zifike dola 25, picha ikikuingizia senti 33 unahitaji mauzo kama 76. Inachukua muda, usiache harusi zako.

Kitu kingine ni sura za watu. Yule mama anayekaanga samaki uso wake unaonekana, picha yake haiwezi kwenda kwenye tangazo la mafuta ya kupikia bila yeye kusaini fomu ya ruhusa. Na hata kama saiti isingedai mimi ningekwambia nenda kamwambie, kaa naye, mweleze kwa Kiswahili kwamba picha itauzwa na inaweza ikaonekana popote duniani, akikataa basi. Picha za namna hiyo bila fomu zinauzwa kwa matumizi ya habari tu, Shutterstock wanazipokea na Alamy ya Uingereza pia, lakini lazima uandike mji, nchi na tarehe uliyopiga.

Maelezo andika kwa Kiingereza kwa sababu wanunuzi ndivyo wanavyotafuta, ila usiishie kuandika mashua. Andika ngalawa, andika Tanga, andika kama tanga limekunjwa au limejaa upepo. Mashua zipo mamilioni humo, mwenye kutafuta ngalawa anakutana na wewe haraka.

Na hizo za WhatsApp, pole, lakini hazitapita. WhatsApp inabana picha, na hizi saiti zinataka angalau megapikseli 4. Tafuta faili za mwanzo kwenye kamera na kwenye simu uliyopigia, siku nyingine mtu akikutumia mwambie atume kama dokumenti ili isibanwe.

Tovuti yako mwenyewe iache kwanza. Ila kwa maharusi ambao tayari wanakujua, Pixieset inakutosha, unawafungulia albamu yao na nenosiri, wanachagua wenyewe, wanakulipa kwa simu kama kawaida.

SWALI: Nikishapakia naweza kufuta kwenye laptopu? Imejaa. – Huyohuyo wa Tanga

JIBU: Hapana mdogo wangu, tafadhali usifute. Saiti zinakufa. 500px walifunga soko lao la picha 2018, Fotolia ikafungwa 2019 baada ya Adobe kuinunua, na wapo waliokuwa wanategemea humo. Hela ya harusi inayofuata nunua diski mbili za nje, weka picha zote kwenye zote mbili, moja kaa nayo, nyingine mpelekee mama akuwekee kabatini.