Maswali ya Wasomaji: Gari-Nyumba na Bei Yake ya Kuuzia

Barua tulizopokea safari hii zinahusu gari-nyumba, yaani gari lenye injini yake na ndani yake mna kitanda, jiko na choo, si karavani inayokokotwa. Karibu wote walioandika wanalalamikia jambo moja: fedha waliyotoa na fedha wanayotajiwa wanapotaka kuuza haziko karibu hata kidogo. Tumechagua barua tano.

SWALI: Ndugu Mhariri, miaka mitatu iliyopita mimi na mke wangu tulinunua gari-nyumba jipya kabisa, na tumelitunza kama mboni ya jicho. Juzi tulilipeleka kwenye yadi ileile tuliyolinunua ili tulitoe, tuongeze fedha na kuchukua lililo dogo zaidi. Muuzaji alitutajia bei iliyotufanya tutazamane. Je, tumedhulumiwa?

JIBU: Kabla ya kumhukumu muuzaji, igawanyeni ile fedha mliyolipa katika mafungu yake. Ndani ya bei ya gari jipya kwa kawaida mna kodi, faida ya yadi, gharama za kulisafirisha na kulisajili, na ile ziada ambayo mtu hukubali kuitoa ili awe wa kwanza kulalia godoro lile. Mafungu hayo hayahami pamoja na gari, na mnunuzi wa pili hana sababu ya kuyalipia. Ndiyo maana anguko kubwa kuliko yote hutokea mwaka wa kwanza, hata kama gari limeshinda chini ya turubai mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, kwa kuwa viwango hutofautiana kati ya soko na soko. Gari lililonunuliwa kwa 100 likipoteza asilimia 20 mwaka wa kwanza, kisha asilimia 10 ya kilichobaki kila mwaka unaofuata, litakuwa na thamani ya 80 mwisho wa mwaka wa kwanza, 72 mwisho wa wa pili, karibu 65 mwisho wa wa tatu, 58 mwisho wa wa nne na takriban 52 mwisho wa wa tano. Mwaka wa kwanza peke yake umekula 20, ilhali wa tano umekula chini ya 6. Ninyi mmeshalipia sehemu iliyo ghali zaidi ya safari hiyo, na mnataka kuuza pale mteremko unapoanza kulegea. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika barua yenu kuliko bei ya muuzaji.

Kuhusu muuzaji mwenyewe, yeye hanunui ili alale ndani yake. Atalikagua gari, atalifanyia matengenezo, litakaa uwanjani kwake miezi, na akiliuza huenda akalazimika kutoa dhamana. Yote hayo huyakata kwenye bei anayowapa. Kipimo cha haki, kwa hiyo, si fedha mliyolipa miaka mitatu iliyopita, bali bei ambazo magari ya aina hiyo na umri huo yanauzwa sasa kati ya mtu na mtu, ukipunguza gharama na usumbufu anaokuondoleeni. Tena, katika biashara ya kutoa gari la zamani na kuongeza fedha, msidanganywe na bei anayolipia gari lenu ikitajwa peke yake. Anaweza kuipandisha kwa ukarimu mkubwa huku akikataa kupunguza hata senti kwenye lile jipya. Angalieni nyongeza mtakayotoa mfukoni, basi.

Liko pia suala la kipindi. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa janga la Uviko-19, watu wengi walitaka kusafiri bila kulala hotelini, na viwanda vikakosa chesisi na vipuri, hata magari yaliyokwisha tumika yakauzwa kwa bei zilizokaribia za mapya. Soko lilipotulia, walionunua wakati ule waliona bei ikishuka kwa mambo mawili pamoja: umri wa gari na kumalizika kwa uhaba. Kwa maelezo mliyotoa sioni dhuluma, ingawa naona haraka.

SWALI: Gari langu lina miaka kumi na moja na limetembea kilomita 28,000 tu, nami nilitarajia kilomita hizo chache ziniletee bei nzuri. Mnunuzi wa kwanza aliyefika hakufungua hata boneti. Alipanda ndani, akanusa, akaanza kubonyezabonyeza kuta kwa kidole, kisha akashukuru na kuondoka bila kutaja bei. Alikuwa akitafuta nini?

JIBU: Alikuwa akitafuta maji, na inaelekea aliyapata.

Gari-nyumba ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, na kila kimoja huzeeka kwa saa yake. Sehemu ya chini, yaani injini, giaboksi na chesisi, huzeeka zaidi kwa kilomita. Mara nyingi ni gari la kazi la kawaida, kama vile Fiat Ducato, Ford Transit au Mercedes-Benz Sprinter, lililoundwa kubeba mizigo kutwa kucha na kufikisha kilomita laki kadhaa likitunzwa. Kwa injini ya namna hiyo, kilomita 28,000 si sifa kubwa kama unavyodhani, kwa sababu hata gari lenye kilomita 80,000 bado lina maisha marefu mbele yake. Sehemu ya juu, ile nyumba, haijui kilomita. Inazeeka kwa miaka, kwa jua na kwa mvua, hata ikiwa imeegeshwa.

Ukuta wa magari mengi ya aina hii ni kama mkate uliopakwa siagi katikati: nje kuna bati la alumini au faiba, ndani kuna ubao mwembamba wa plaiwudi, na katikati kuna povu la kuzuia joto na baridi, mara nyingi likishikiliwa na fremu ya mbao. Kila mahali paneli mbili zinapokutana, na kila mahali palipotobolewa kwa ajili ya dirisha, taa au skrubu ya kivuli cha pembeni (lile turubai linalokunjuliwa ubavuni), kuna gundi ya kuzibia. Gundi hiyo hukauka na kupasuka taratibu. Maji huingia kwa tundu ambalo jicho halilioni, hutambaa ndani ya ukuta na kuozesha mbao miaka kadhaa kabla ya kuonyesha alama upande wa ndani. Doa linapojitokeza, ukarabati wake mara nyingi unahitaji kubandua ukuta mzima, na gharama inaweza kumeza sehemu kubwa ya thamani ya gari.

Fanya alivyofanya yeye. Toa magodoro, fungua makabati ya juu na uingize mkono hadi kwenye kona za nyuma. Kagua pembe za madirisha, ukingo wa dirisha la darini, na dari iliyo juu ya kiti cha dereva. Bonyeza kwa kidole gumba. Ukuta mzima hukataa, ilhali ulioloa hunepa kidogo kama ganda la papai lililoiva, na wakati mwingine karatasi ya ukutani huwa na malengelenge au mistari ya kahawia. Nusa vilevile, kwa sababu kuvu haifichiki. Manukato ya gari matatu yaliyoning'inizwa pamoja humfanya mnunuzi anuse zaidi.

Kisha mwite fundi mwenye kipima unyevu. Wakaguzi wengi huchukulia kuwa kipimo kilicho chini ya asilimia 15 ni cha kawaida, kati ya 15 na 20 kinahitaji kufuatiliwa, na kikivuka 30 pana uwezekano mkubwa kwamba mbao zimeshaharibika. Pata maandishi yake, yawe mazuri au mabaya. Ukaguzi wa namna hii ukifanywa kila mwaka na karatasi zake zikawekwa kwenye faili moja na daftari la sevisi, hutetea bei kuliko kilomita zozote. Usithubutu kupaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani ili kuficha. Mnunuzi mzoefu akiona mstari mweupe unaong'aa kwenye gari la miaka kumi na moja, anajua hasa pa kubonyeza.

Hata upande wa chini, kukaa sana kuna gharama zake. Soma ubavuni mwa matairi yako tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT: zikiwa 0914, tairi lilitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2014, na mpira wa umri huo hupasuka hata kama kashata zake bado ni ndefu. Mkanda wa taimingi nao, kwa injini zenye mkanda, hubadilishwa kwa kilomita au kwa miaka, kipi kitangulie. Diski za breki hushika kutu, betri hufa. Mnunuzi huyajumlisha yote hayo kimyakimya akiwa amesimama pale uwanjani kwako.

SWALI: Nimefunga paneli za jua, betri ya lithiamu, kamera ya nyuma na kivuli cha umeme. Je, niongeze gharama hizo kwenye bei ninayotaka?

JIBU: Hapana. Vitu hivyo vitaharakisha mauzo, na paneli na betri huenda zikarudisha sehemu ya gharama, lakini hakuna anayelipia risiti zako kwa ukamilifu. Mnunuzi makini atauliza matundu ya paneli paani yalizibwa na nani, na atauliza uzito: katika nchi nyingi leseni ya kawaida huishia kwenye gari la kilo 3,500 likiwa limepakia, na kila kifaa ulichoongeza kimepunguza mzigo anaoruhusiwa kubeba. Kinachofunguka bila kuacha tundu, kifungue ukitumie kwenye gari lijalo.

SWALI: Nilikopa kwa mkataba wa miaka kumi na mitano. Sasa ni mwaka wa tatu, na nikiuza leo fedha haitoshi kumaliza deni. Nifanyeje?

JIBU: Deni la muda mrefu hupungua polepole mwanzoni kwa sababu sehemu kubwa ya marejesho ya awali ni riba, wakati thamani ya gari huporomoka kwa kasi katika miaka hiyohiyo. Mistari hiyo miwili hukutana baadaye, na wewe uko katikati ya pengo. Mwombe mkopeshaji akuandikie kiasi halisi cha kumaliza deni leo, na uulize kama mkataba unakuruhusu kulipa zaidi ya rejesho bila adhabu. Ikiwa unaruhusu, kila nyongeza iende kwenye deni la msingi. Usikubali salio hili libebwe ndani ya mkopo wa gari jingine, hata muuzaji akilisema kwa lugha tamu, maana utaanza safari mpya ukiwa tayari nyuma. Soma pia bima yako: nyingi hulipa thamani ya soko ya siku ya ajali, si deni lililobaki. Na usiuze bila mkopeshaji kujua, kwa sababu mara nyingi gari ni dhamana yake mpaka deni liishe.

SWALI: Nataka kununua la kwanza. La umri gani halitanipotezea fedha nyingi?

JIBU: Lenye miaka minne hadi saba kwa kawaida limeshapita anguko kubwa na bado lina muda kabla ya ukarabati mkubwa, mradi halivuji. Uliza jambo moja ambalo wengi hulisahau: chesisi inaweza kuwa imetoka kiwandani mwaka mmoja au zaidi kabla ya nyumba kujengwa juu yake, kwa hiyo mwaka unaotangazwa huenda ni wa usajili tu. Linganisha kibati cha chesisi, kadi ya gari na tarakimu za matairi, na kama miaka hiyo haipatani, likadirie bei kwa kufuata mwaka ule wa zamani zaidi.