Mashine ya kusaga au ya kufunga marobota? Jibu kwa kikundi cha taka cha Iringa

Swali: Kikundi chetu kina watu 14, tupo Iringa mjini. Tuna mkataba wa kuzoa taka katika mtaa mmoja, na pembeni tunanunua makopo ya maji kwa waokotaji. Mzigo wa kwanza tuliopeleka Dar ulikuwa kilo 460. Mnunuzi akakata asilimia 30 akisema ni uchafu, na tulipolipa kenta tukabaki na hasara. Tunafikiria kukopa tununue mashine ya kusaga plastiki. Je, tuko sawa? Na tufanyeje na waokotaji wanaopita alfajiri na kuchukua makopo yote mazuri kabla gari letu halijafika?

Jibu: Msikope sasa, na siku mkikopa isiwe kwa ajili ya mashine ya kusaga. Hasara yenu imetoka sehemu mbili. Mlinunua maji na mchanga kwa bei ya plastiki, kisha mkasafirisha hewa kilomita 500 kwa nauli ya mzigo. Kusaga hakuondoi tatizo la kwanza, na la pili lina dawa ya bei nafuu zaidi: kuzishindilia chupa ziwe marobota.

Tuanze na hiyo asilimia 30. Chukueni chupa moja ya maji ya nusu lita, toeni kizibo, muiweke kwenye mizani ndogo ya jikoni. Nyingi zitasoma kati ya gramu 10 na 15. Tuseme yenu ni 12. Sasa mimineni ndani yake kijiko kimoja cha chai cha maji, yaani gramu 5. Mizani itasoma 17, na katika hizo 17 karibu asilimia 30 ni maji. Kijiko kimoja tu kwa chupa, karibu theluthi ya mapato imeshatikisika kabla hamjahesabu mchanga wala lebo. Kwa hiyo huenda mnunuzi hakuwaonea. Huenda ninyi ndio mliolipa maji pale mlipopima viroba vya waokotaji bila kuvifungua.

Kiwanda kina sababu ya kuwa mkali. Chupa za maji na soda ni plastiki aina ya PET, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu. Huyeyushwa kwenye nyuzi joto 250 hivi, na unyevu ukiwepo kwenye joto hilo hukatakata minyororo ya plastiki, ikatoka bidhaa dhaifu. Mbaya zaidi ni PVC, namba 3. Hiyo huungua kabla PET haijayeyuka, hutoa asidi na kuacha madoa ya njano na meusi. Vipande vichache tu vinaweza kuharibu mkupuo mzima.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutengeneza ni meza ya kuchambulia. Iwe ya kimo cha kiuno, juu yake waya wa matundu ya sentimita 2 hadi 3 ili mchanga udondoke wenyewe. Weka mezani viroba vinne: chupa angavu zisizo na rangi, za bluu hafifu, za rangi nyingine, na vizibo. Vizibo ni plastiki ya aina nyingine (PP au HDPE) na vina soko lake, msivitupe. Vikitoka, maji humwagika na hewa hutoka. Chupa iliyofungwa kizibo haibonyei hata uikanyage namna gani, na ndani ya robota huvimba upya hadi ikakata waya.

PVC mtaitambua kwa kitako. Pindueni chupa: ya PET huwa na kitone kigumu katikati ya kitako, mahali plastiki ilipoingilia wakati wa kuundwa, wakati ya PVC huwa na mstari wa kiungo uliokatiza kitako. Kisha ikunjeni kwa nguvu, PVC huacha alama nyeupe kwenye mkunjo. Msitegemee ndoo ya maji kwa hili. Maji hutenganisha PET inayozama na vizibo vinavyoelea, lakini PVC nayo huzama pamoja na PET. Lebo za kubana zinazofunika chupa nzima zichaneni zote, maana mara nyingi ni plastiki tofauti inayozama vilevile. Chupa za mafuta ya kula nyingi ni PET, ila ziwekeeni kiroba chake. Mafuta yakisambaa yanakamata vumbi na kushusha daraja la mzigo wote.

Kwenu Iringa kuna jambo moja la kulikazia kuliko yote: chupa za viuatilifu kutoka mashamba ya nyanya ya upande wa Ilula na kwingineko. Msizinunue, hata zikiwa zimesuuzwa, hata mletaji akibembeleza. Plastiki yenu inaweza kuishia kuwa ndoo ya maji ya kunywa ya mtu. Kwa mikono ya wachambuaji, angalieni pia chupa zenye sindano ndani. Wagonjwa wanaojichoma nyumbani huzitumia kama pipa la sindano. Glavu za kitambaa hazizuii sindano, na kila mchambuaji awe amechanjwa pepopunda.

Sasa mashine. Chupa nzima inajieleza: ina lebo, rangi, kitako, na mnunuzi anaikagua kwa macho. Ikishakuwa chenga, yaani vipande vidogo vilivyosagwa, hakuna anayeweza kuiamini kwa kuitazama, na PVC iliyopenya haitoki tena. Ndiyo maana chenga chafu hupata bei mbaya. Ongezeni umeme, visu vinavyohitaji kunolewa kila mara kwa sababu ya mchanga, na maji ya kuoshea ambayo hayafai kumwagwa mtaroni. Kusaga kunaweza kuwa na maana baadaye kwa plastiki ngumu kama madumu na ndoo, nazo pia baada ya kuzitenga, kwa kuwa HDPE na PP zote zinaelea na maji hayawezi kuzitenganisha.

Mnachohitaji ni kupunguza hewa. Kenta lenye tenga la mita 4.3 kwa 2, kimo mita 2.2, lina mita za ujazo 19 hivi. Chupa zisizobonyezwa ni kilo 25 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mkijaza mpaka juu mnapata kilo 475. Karibu sawasawa na mzigo wenu, sivyo? Mkizikanyaga bila vizibo zinafika kama kilo 50 kwa mita ya ujazo, gari likabeba 950. Mkifunga marobota kwa jeki, hata mkiacha nafasi za katikati, mnaweza kufika kilo 2,500. Tuseme kwa mfano kenta ni shilingi 900,000. Nauli ya kilo moja inashuka kutoka 1,895 hadi 947, halafu hadi 360. Wekeni nauli yenu halisi kwenye hesabu hiyo. Lori lililoleta bidhaa Iringa na linarudi tupu litaishusha zaidi.

Mashine ya marobota ya jeki fundi wa kuchomelea wa hapo mjini anaiweza. Ni sanduku la chuma lenye nafasi ya ndani ya sentimita 100 kwa 60, mlango mmoja unaofunguka wote, bamba zito la kushindilia, na jeki ya tani 20 iliyoegemea boriti ya juu. Jeki hunyanyuka sentimita 15 hivi tu, kwa hiyo mnashindilia kwa awamu: jaza, bana, rudisha jeki, ongeza kipande cha gogo, bana tena. Boriti ya juu na miguu yake ndivyo vinavyovunjika fundi akibania chuma. Hapo msikubali chuma chembamba. Acheni mifereji minne sakafuni na kwenye bamba ya kupitishia waya. Waya mwembamba wa kufungia nondo hukatika robota likivimba. Tumieni wa milimita 3 usioshika kutu. Robota la kilo 60 hadi 80 watu wawili wanaweza kulipakia.

Kuhusu waokotaji, ondoeni wazo kwamba wanawaibia. Wanachochukua alfajiri wangekiuza kwenu jioni kama mnalipa vizuri, tena kikiwa hakijachanganyika na maganda na majivu ndani ya gari. Chupa inayofika kwenu kupitia gari la taka ni ile chafu inayoongeza makato. Nyumba zihamasisheni ziwe na kiroba cha pili cha vitu vikavu, na kila kipande cha mtaa kiwe na mwokotaji wake anayekipitia siku isiyo ya gari. Mtambulisheni kwa mtendaji wa mtaa na kumpa kizibao chenye namba, kwani wengi hufukuzwa wakidhaniwa wezi.

Wekeni bei mbili zilizoandikwa ukutani: ya mchanganyiko, na ya juu kwa chupa angavu, tupu, isiyo na kizibo. Katika kila viroba kumi fungueni kimoja, mkimwage kwenye turubai mbele ya muuzaji, mtenge na kupima kila fungu, na makato yawe hayo yaliyoonekana. Mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo na isomeke kutoka upande wa muuzaji. Lipeni siku hiyohiyo. Mwokotaji anakula leo, na dalali wa makopo anawashinda kwa fedha taslimu tu. Hesabuni basi mtaji wa kuzungusha: kilo 2,500 kwa shilingi 300, kwa mfano, ni 750,000 iliyolala stoo. Mkikopa, kopeni kwa hilo kwanza. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) huombwa kupitia afisa maendeleo ya jamii. Msinunue kwa watoto.

Mkataba wenu na manispaa usomeni upya: uandike wazi kwamba vinavyorejelezwa ni vyenu kuuza, na kwamba waokotaji mliowasajili wanaruhusiwa kufanya kazi mtaani. Wakianza kuwaletea chuma chakavu au betri za magari, simamisheni kwanza. Hivyo vina vibali vyake, ulizeni ofisi ya kanda ya NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Kabla ya mzigo ujao mpelekeeni mnunuzi robota moja tu kama sampuli, alifungue, awaandikie bei ya kila daraja na kiwango cha unyevu anachokubali.