Bunduki fupi ya babu inanivunja bega: ina ugonjwa au mimi ndiye sijui kupiga?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nansio, Ukerewe. Nimerithi bunduki ya babu, Mauser ya zamani ya Kijerumani inayopiga risasi ya 9.3×62 (kipenyo milimita 9.3, ganda lenye urefu wa milimita 62), na leseni yangu imeshatoka. Ni fupi, mtutu sentimita 51, mbao imefika hadi mdomoni, uzito kilo 3.2. Nilipiga risasi sita tu. Bega likavilia damu na darubini ikanichana nyusi. Risasi zilitawanyika vibaya. Sasa naona ufa mwembamba kama unywele nyuma ya chuma, pale kitako kinapoanza. Fundi mmoja ananishauri nitoboe kitako nimimine madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili kiwe kizito. Pia kuna pakiti mbili za risasi za babu kwenye sanduku. Naweza kuzitumia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huo ufa, maana ndio unaoeleza mambo mengi. Usipige hata risasi moja nyingine mpaka utengenezwe.

Chini ya chemba ya Mauser, pale risasi inapokaa, kuna jino nene la chuma lililozama ndani ya mbao. Ukifyatua, chuma chote kinataka kurudi nyuma, na jino hilo ndilo linalopeleka nguvu kwenye mbao. Sasa bunduki ikikaa miaka mingi, ikapakwa mafuta kila wiki na mtu anayeipenda, mafuta yanashuka ndani ya mbao na kuilainisha. Kiti cha jino kinalegea. Chuma kinapata nafasi ya kutembea, na mkia wake wa nyuma unaingia kwenye shingo ya kitako kama shoka kwenye kuni. Ukifungua skrubu mbili za chini, tazama mbao nyuma ya jino: penye ng'aro nyeusi ndipo chuma kinaposugua. Kisha bana shingo taratibu kwa vidole. Ukiona mstari wa mafuta unatoka kwenye ufa, ujue umeingia ndani sana.

Tiba ipo. Mafuta yanavutwa kwanza, ufa unaunganishwa kwa gundi ya epoksi, kisha kiti cha jino kinajengwa upya kwa epoksi yenye unga wa chuma. Nyuma ya mkia inaachwa nafasi ndogo, unene wa karatasi ngumu, ili chuma kisiguse mbao tena. Na hayo madini ya risasi ya kuyeyusha, achana nayo. Yakiwa ya moto yanaunguza mbao kwa ndani. Tena kitako kikiwa kizito huku shingo ina ufa, kinakataa kurudi wakati chuma kinasukuma, na pale katikati ndipo panapokatika.

Kutawanyika nako kumetoka humo humo, na mbao ndefu inachangia. Mbao iliyofika mdomoni inanyonya unyevu wa ziwa, inavimba na kusukuma mtutu upande. Ukivuka kwenda bara pakavu, inasinyaa na kuuachia. Itabidi mfereji wa mtutu usafishwe, na mbao ipakwe vanishi ya mafuta hadi ndani, sehemu zisizoonekana.

Sasa teke, yaani bunduki inavyokurudia begani. Risasi hii ya 9.3×62 ilitengenezwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi wa Berlin, kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani, na letu lilikuwamo. Alitaka risasi nzito itakayoingia kwenye Mauser ya kawaida, ambayo bei yake ilikuwa nafuu kuliko bunduki za mitutu miwili za Waingereza. Kichwa cha gramu 18.5 kikitoka kwenye mtutu wako mfupi kwa mita kama 690 kwa sekunde, pamoja na baruti inayokifuata, kinaisukuma bunduki ya kilo 3.2 nyuma kwa nguvu ya karibu jouli 47. Bunduki hiyo hiyo ikiwa na kilo 4.2 ingekupiga kwa jouli kama 36. Kwa hiyo haina ugonjwa hapo. Ni nyepesi, na iliumbwa hivyo kwa mtu anayetembea kutwa nzima na kupiga mara moja.

Unachoweza kubadili ni namna inavyokugusa. Bila shaka kitako chake kina bamba la chuma au pembe. Weka raba laini ya kisasa, lakini mbao ikatwe kidogo kwanza, isije ikawa ndefu kwa mkono wako. Darubini iondoe. Kwa teke hili ingetaka nafasi ya sentimita 10 kutoka jichoni, na yako ni wazi haina. Zile shabaha za chuma za babu, za kulengea juu ya mtutu, zinatosha kabisa hadi mita 100, nami nazipenda zaidi kwenye bunduki fupi.

Piga ukiwa umesimama, mguu wa kushoto mbele, kifua kimeinama kidogo, mkono wa mbele umeshika kwa nguvu. Mwili uende na teke. Ukilala chini au ukijibana mezani, bega linalibeba lote. Risasi tano kwa siku, basi, na masikio yazibwe. Mtutu mfupi una mlio mbaya. Halafu mwombe mwenzako akupakilie, mara risasi ya kweli, mara ya mazoezi isiyo na baruti, bila kukuambia. Siku itakapofyatuka ile tupu, mtazame mdomo wa bunduki: ukichomoka kwenda chini, umeuona woga wako kwa macho. Zoezi hili limewaponya watu wengi mbele yangu kuliko raba yoyote.

Risasi za babu usizipige. Fataki za zamani, vile vidude vya kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi, nyingi zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua inaacha chumvi mtutuni, na chumvi hiyo kwa hewa ya Ukerewe inaleta kutu usiku mmoja. Mafuta hayaiyeyushi. Mtutu wa babu huenda una mashimo kwa sababu hiyo. Zaidi ya hapo, risasi iliyozeeka inaweza kuchelewa: unafyatua, kimya, unafungua bolti (kile kifungio cha nyuma ya chemba), nayo inalipuka usoni. Ikitokea hata kwa risasi mpya, elekeza mdomo mahali salama na uhesabu sekunde 60 kabla ya kugusa bolti. Pakiti hizo zipeleke polisi wakazihifadhi au kuziharibu.

Jambo moja la kwetu: usijaribu shabaha kwenye mawe. Nimeona risasi nzito ikigonga jiwe karibu na Magu na kurudi ikilia juu ya vichwa vyetu. Tafuta uwanja ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo.

Ukipanda meli kuniletea, toa bolti uifunge peke yake, risasi mfuko mwingine, leseni mfukoni. Bunduki usiiweke kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi inatunza maji. Izungushie blanketi kavu, na bolti uje nayo, maana lazima nipime inavyokaa kwenye chemba kabla sijagusa mbao.