Mbele ya kushonesha nguo ya ndoa ya komini, muongee kwanza rejime

Wiki iliyopita dada mumoja wa hapa Katuba, Lubumbashi, alinipigia simu usiku. Ndoa yake ya ku komini ilikuwa inabakia wiki tatu, alitaka nimuambie wapi nilishonesha ile nguo yangu na nani alinisuka nywele. Nikamuambia yote. Kisha nikamuuliza, mulisha kuchagua rejime? Akanyamaza kidogo, akasema: «Yaya, hiyo ni kintu gani?»

Rejime ni njia yenye bwana na bibi banachagua ya kuweka bintu byao mu ndoa. Njo sababu naandika hii leo. Na miye miaka ine iliyopita nilikuwa paka vile, nilijua rangi ya maua ya ku meza, nilijua ba mama ngapi batakula bukari na ngapi batakula wali, lakini ile ulizo yenye kushika nyumba yetu na feza yetu maisha yote nilikuwa siijui, na bwana yangu hakuijua, tukaenda kuisikia mara ya kwanza mu biro ya etasivili (ile ya serikali yenye kuandika ndoa), mukubwa wa biro ameshika kalamu, na nyuma yetu bantu beko banangoja zamu yao.

Basi nianze na hiyo, nguo itangoja.

Kode ya familia ya inchi yetu, Kongo (RDC), ile sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 yenye balikuja kusahihisha tarehe 15 Julai 2016, inawapa bwana na bibi njia tatu za kuweka bintu byao. Kuna ya kila mutu na yake: bile ulikuwa nabyo mbele ya ndoa ni byako, bile utapata kisha ni byako tena. Kuna ya katikati: bile kila mumoja alikuja nabyo binabaki byake, lakini bile munatafuta na kupata mukiwa mu ndoa ni byenu bote babili. Na kuna ya kuchanga yote, ya zamani na ya kesho, inakuwa kitu kimoja. Kama hamukusema kintu, sheria yenyewe inaweka ndoa yenu mu ile ya katikati. Na mu hiyo ya katikati, shamba yenye baba yako alikuachia kama urizi, hata ikikufikia mukiwa tayari mumeoana, inabaki yako. Bantu bengi habajui ile, banazania kisha kuoana kila kintu kinachanganyika.

Sisi tulisikia maulizo siku ya kufungua dosie. Yule mukubwa aliuliza: munachagua rejime gani? Bwana yangu akaniangalia, miye nikamuangalia. Mutu mumoja nyuma, simujui, akasema kwa sauti kwamba benye kupendana banachagua ya kuchanga yote, na bengine bakaitikia. Nilisikia haya, nilikuwa tayari kusema «hiyo» ili tutoke tu. Yule mukubwa, Mungu amubariki, akaweka kalamu chini akatuambia, mwende mukae inje ku kibao, muongee, nitawaita kisha hawa bengine.

Tulikaa chini ya muembe pale mu lupango ya komini na tukaongea mambo yenye hatukuongea mu miaka miwili ya uchumba. Nilikuwa na parsele (kiwanja) moja kule Kampemba, niliinunua na feza ya biashara yangu ya bitenge, lakini ilikuwa ingali na deni na hiyo deni sikumuambiaka. Yeye akaniambia kila mwezi anatuma feza kwa badogo zake batatu ba ku masomo, na atatuma mpaka bamalize. Hakuna mwenye alikuwa amemudanganya mwenzake, hatukuulizana tu. Tulichagua ile ya katikati: parsele na deni yake binabaki byangu, bile tutajenga pamoja ni byetu, na ya badogo zake tutaongea kila mwaka. Niliporudi mu biro nilikuwa natetemeka kidogo lakini nilijua nasema nini.

Kisha baba mudogo wangu mumoja aliposikia akasema, yote hiyo ya nini, parsele ya muke si ni ya bwana? Zamani muke mwenye ndoa alikuwa analazimika kupata ruhusa ya bwana yake mbele ya kufanya mambo ya sheria, kama kuuza ao kwenda ku tribinali (korti). Ile ruhusa sheria ya 2016 iliiondoa. Bazee bengi bangali banaongea kama haikutoka, kwa hiyo ninyi mwenyewe muijue mbele ya kukaa nabo.

Sasa ya mali. Nasema mali vile tunasema hapa Lubumbashi, ile bengine banaita mahari ao dote. Sheria inasema ndoa haiwezi kufungwa kama mali haijatoka hata sehemu yake, na inakubali hata feza kidogo ya kuonyesha tu. Na kama munatoka ku desturi tofauti, inafuatwa ya upande wa bibi. Bwana yangu ni Musanga, miye ni Muluba, tulifuata ya kwetu na haikuleta maneno mengi. Shauri yangu ni moja: siku ya kutoa mali, mutu mumoja aandike ku karatasi ni nini imetoka na nini inabakia, na mukubwa mumoja wa kila upande aweke sinyatire (saini). Ku komini yetu baliuliza kama mali ilitoka, mujomba wangu akainuka akasema ndiyo, akaonyesha ile karatasi, ikaisha. Kopo moja (bwana na bibi) nyuma yetu hawakuwa na karatasi wala mutu wa upande wa bibi, balirudishwa nyumbani.

Na kuna bale benye banafanya ndoa ya jamaa na ya kanisa, kisha banasema ya Leta (serikali) tutaenda siku moja. Tafazali, ile siku moja isichelewe. Ndoa yenye ilifungwa mu jamaa inapashwa kuandikishwa ku etasivili mu mwezi ule wenye kufuata. Mama mudogo wangu alikaa na bwana yake miaka mingi sana, kanisani balibarikiwa, mali ilitoka yote, foto ziko ku ukuta. Ku Leta hawakufikaka hata siku moja. Bwana alipokufa, kilio haijaisha, bashemeki zake balikuja kuchukua funguo ya nyumba. Alienda na cheti ya padri, bakamuambia hii ni ya kanisa, ya Leta iko wapi? Haki ya batoto ilipatikana, yake yeye hapana. Leo anakaa mu chumba kimoja kwa binti yake. Kila mara nikisikia mutu anasema «ni karatasi tu», namukumbuka akiwa amekaa chini ku mukeka na ile cheti ya padri mu mikono.

Karatasi sasa, na hapa muanze mapema, miezi miwili mbele si mingi. Kila mumoja anahitaji akti ya kuzaliwa, karte ya elekteri (ya kupiga kura), foto pasiporti na atestasio yenye kuonyesha kwamba hana ndoa ingine, na kama ulifiwa ao uliachana, akti ya kifo ao karatasi ya tribinali. Bashahidi nabo balete karte zao, kila mumoja wenu na shahidi wake. Mwende kwanza ku komini yenyewe muombe liste yao, sababu kila biro iko na kintu kidogo inaongeza. Iliyotutesa sisi ni akti ya kuzaliwa ya bwana yangu, alizaliwa mu kijiji upande wa Kamina na hakuna mwenye alimuandikisha, ikabidi tribinali imupe karatasi ya kusimama mahali pa ile akti. Na yeye anatumika Kolwezi, kilometa 300 na kitu toka hapa, hawezi kuomba konji (likizo) kila wiki, basi miye njo nilikuwa napanda na kushuka na dosie mu mukono. Kama mumoja wenu anatumika mbali, mupange mapema siku zenye lazima afike yeye mwenyewe, zingine zote mwenzake azibebe.

Wakati dosie imeingia, banabandika afishi (tangazo) ya majina yenu ku komini siku 15. Si ya mapambo. Ni ili mutu mwenye kujua kizuizi asimame aseme, kwa mufano kama bwana iko na muke mwingine wa sheria, sababu Leta yetu haikubali bake babili, ao kama mumoja hajafikisha miaka 18. Musitegemee kwamba hizo siku 15 zitapunguzwa, kwa hiyo musichape mialiko mbele ya kupewa tarehe na etasivili yenyewe. Tunajua bantu benye balichapa, balilipa sali (ukumbi), kisha tarehe ikasukumwa.

Juu ya feza: muulize bei yote mara moja, siku ya kwanza, na muombe risiti kwa kila kintu. Mu biro moja tulipita, safari ya pili balituambia bei ingine, juu kuliko ile ya kwanza. Bwana yangu hakugombana, aliomba tu kwa upole baandike ile bei mupya ku risiti, na bei ikarudia yake ya mwanzo. Muende na hiyo upole, inasaidia kuliko kelele.

Siku yenyewe. Jumamosi kopo zinakuwa nyingi, mufike mapema, na musilete jamaa yote, ile chumba ni ndogo, sisi tulisema bantu 20 na bakafika karibu 40, mama yangu mwenyewe alisimama ku mulango. Bazazi na bashahidi baingie wa kwanza, hiyo muipange na mutu mumoja mwenye sauti, si ninyi. Kama munaweza kuchagua mwezi, Oktoba ni muzuri sana hapa kwetu, jakaranda zimefungua maua na foto munapiga palepale ku barabara bila kulipa mahali, lakini toka Novemba mvua inaanza na nguo nyeupe na matope ya mu avenue zetu habipatani. Ile fete (karamu) ya kisha, sina mengi ya kusema, mufanye vile mufuko unaruhusu.

Lakini kuna kintu kimoja cha ile siku sitaki musahau. Banasoma mbele yenu zile lazima za ndoa, kukaa pamoja, kuwa baaminifu, kusaidiana, kisha munashika drapo (bendera) na mukono moja, munainua mukono ya kuume, na kila mumoja anajibu na mudomo wake. Kwa kawaida banasoma mu Kifaransa. Baba mukwe wangu hakusoma Kifaransa, alilima maisha yake yote. Wiki moja mbele nilienda kumuomba yule mukubwa kama anaweza kusema mu Kiswahili, nilizania atakataa, akasema hakuna shida, si ni lugha ya inchi. Na alisema yote mu Kiswahili, pole pole, neno kwa neno. Aliposema «utamusaidia mu ugonjwa na mu afya?» nilimuona baba mukwe anatosha kitambaa mu mufuko. Kisha alinikamata mukono akasema, «Mwanangu, leo nimesikia mwenyewe, hakuna mwenye alinielezea.» Muombe. Hata kama ninyi munasikia Kifaransa muzuri, mufikiri bale benye kukaa nyuma yenu.

Na mbele ya kuweka sinyatire, musome. Majina yote, tarehe zote, mahali pa kuzaliwa, na ile rejime mulichagua kama njo yenyewe baliandika, mu akti na mu kitabu ya ndoa. Kosa yenye kuonekana kisha inaombwa ku tribinali, na mutarudia ile safari yote ya karatasi. Jina ya mama yangu ilikosa herufi moja. Bantu balikuwa banapiga bigelegele, mupiga foto ananiita niangalie kamera, bwana yangu ameshika kalamu ananingoja. Nikawaambia samahani, ningojeni kidogo. Nikaweka kidole ku ile jina, mukubwa akaangalia, akasahihisha, nikasoma tena toka juu mpaka chini, kisha nikakamata kalamu.