Aliyekosa chupuchupu kuliko wote

Umeuliza ni nyota gani wa besiboli alikosa tuzo kubwa chupuchupu. Kwangu ni Ted Williams wa Boston Red Sox. Mwaka 1947 aliongoza American League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani, kwa wastani wa upigaji (sehemu ya majaribio yake ya kupiga yaliyofanikiwa), kwa homurani (mipigo inayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kufunga) na kwa mikimbio, yaani alama, aliyoifungisha timu yake, yote matatu! Bado tuzo ya Mchezaji Bora ikaenda kwa Joe DiMaggio wa timu ya New York Yankees, pointi 202 kwa 201. Wapiga kura walikuwa waandishi wa habari, ambao wengi wao hawakuelewana na Williams. Alidhulumiwa, sina shaka. Mwaka 1949 tuzo aliipata, ila ubingwa wa wastani wa upigaji ukamponyoka: mpinzani wake George Kell .3429, yeye .3428. World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani, hakuwahi kushinda kabisa.