Thamani ya Kiini Inayopotea Mashine Ikiwashwa Upya

SWALI: Seva yangu ya Linux ilikuwa ikihamishia data ya kumbukumbu kwenye diski mara kwa mara, nikatumia amri ya sysctl -w kushusha vm.swappiness, yaani thamani inayoamua uhamishaji huo ufanyike kwa wepesi kiasi gani, hadi 10. Nilipoiwasha upya, thamani ilirudi 60. Nilikosea wapi?

JIBU: Amri uliyotumia ni sahihi, ila hukuihifadhi. Amri ya sysctl -w hubadili kiini (kernel, sehemu kuu ya mfumo endeshi) kinachofanya kazi wakati huo tu, kupitia saraka ya /proc/sys, na mashine ikiwaka upya kiini huanza na thamani yake ya kawaida, yaani 60. Andika vm.swappiness=10 katika faili linaloishia na .conf ndani ya /etc/sysctl.d, kisha endesha sysctl --system.

Hata hivyo, nakusihi upime kwanza. Endesha vmstat 1, amri inayoonyesha hali ya kumbukumbu kila sekunde, wakati seva ina kazi nyingi, uupuuze mstari wa kwanza, kwa kuwa huonyesha wastani tangu mashine ilipowashwa, kisha utazame safu za si (data inayorudishwa kutoka diski) na so (data inayohamishiwa diski). Zikipanda kwa sekunde chache na kutulia, usiwe na wasiwasi. Zikibaki juu mfululizo, basi kumbukumbu haitoshi, na hakuna thamani ya swappiness itakayoiongeza.