Kizuizi, kizuiaji au kifubazi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha tuisheni ya biolojia hapa Mbagala, kidato cha tano na cha sita. Mtihani wao ni wa Kiingereza, ila kuelewa ni kwa Kiswahili, kwa hiyo nikishaandika kwa Kiingereza nageuza kwa Kiswahili pembeni. Tukifika kwenye mada ya vimeng'enya (enzaimu, zile protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini) na vile vitu vinavyovifanya visifanye kazi sawasawa, kwa Kiingereza "inhibitors", mimi huviita "vizuizi". Mwenzangu tunayepokezana vipindi huviita "vizuiaji". Juzi mwanafunzi mmoja, ambaye mama yake ni nesi, kasema wao nyumbani wanasema "vifubazi". Darasa likagawanyika. Lipi ndilo? Nakutumia na picha ya ubao wangu unikosoe bila kunionea haya.

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Picha nimeiona, na sentensi iliyonikalisha kitako ni hii: "Vizuizi zisizo za ushindani zinaua enzaimu, hivyo enzaimu inazuiliwa hata ukiongeza sukari." Biolojia yako unaijua, hilo halina ubishi. Kiswahili ndicho kimekuponyoka, tena mara tatu ndani ya sentensi moja. Nitairudia mwishoni. Kwanza tumalize ugomvi wa darasani.

Maneno yote matatu yana asili safi. Kizuizi na kizuiaji yametokana na zuia, kifubazi kimetokana na fubaza. Ila neno likishakaa mitaani miaka mingi hupata makazi yake, na kizuizi makazi yake ni barabarani. Lori la mkaa husimamishwa kwenye kizuizi cha maliasili. Polisi wakiweka gogo na mapipa, hicho ni kizuizi. Mtu akiwekwa ndani bila kufikishwa mahakamani tunasema yuko kizuizini. Kote humo kizuizi ni kitu kilicholala au mahali palipofungwa. Chenyewe hakimfuati mtu. Sasa hicho unachokifundisha wewe hakilali. Ni molekuli inayozunguka, inaingia, inang'ang'ania, pengine inaachia na kutoka. Ni mtendaji. Kiswahili kina kiishio cha mtendaji wa aina hiyo, nacho ni -ji: msomaji, mchezaji, mwindaji, na kwa vitu, kichakataji cha kompyuta. Kwa hiyo kura yangu naipa kizuiaji, wingi vizuiaji, na kitendo chenyewe uzuiaji. Mwenzako kakushinda hapo, mnunulie soda.

Yapo malalamiko kwamba kuzuia ni kukomesha kabisa, wakati hivi vitu mara nyingi hupunguza kasi tu. Malalamiko hayo hayana uzito. Mtu husema, "Nilijizuia machozi, yakanitoka mawili matatu." Kuzuia ni kukishikilia kitu kisiende kinavyotaka, kiasi gani ni habari nyingine.

Kifubazi, sasa. Huyu mwanafunzi nampenda, maana kaleta neno kutoka kliniki. Rangi ya kitenge ikifuliwa sana hufubaa. Ngozi ya mtu aliyechoka hufubaa. Kutoka hapo Tanzania tukapata "dawa za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI", tafsiri mojawapo ninayoiona nzuri kuliko nyingi zilizotungwa mezani. Haisemi dawa inaua virusi, kwa sababu haiui. Na kweli dawa hizo nyingi kazi yake ni kuzuia vimeng'enya. Kidonge kimoja cha siku hizi kina dawa tatu ndani yake: tenofovir na lamivudine zinakwamisha kimeng'enya kinachogeuza RNA ya kirusi kuwa DNA, na dolutegravir inakizuia kile kinachoichomeka hiyo DNA ndani ya DNA ya seli yetu. Lakini tazama nani anafanyiwa nini. Kinachozuiwa ni kimeng'enya. Kinachofubaa ni kirusi, kwa sababu kimeng'enya chake kimezuiwa. Ukikiita kizuiaji "kifubazi" umekipa jina la matokeo yake ya mbali, tena kwa ugonjwa mmoja tu. Aspirini nayo ni kizuiaji, nayo imefubaza nini? Basi neno lake libaki kliniki linakofaa.

Umeniuliza pia kwa maandishi madogo pembeni ya picha: kimeng'enya au kimeng'enyo? Utayakuta yote mawili vitabuni. Kimeng'enyo kina umbo la chombo, kama kifuniko na kizibo, na kisarufi ndicho kilichotulia zaidi, kwani ki- ikitangulia kitenzi kinachoishia na -a kwa kawaida hudai mwenzake nyuma: kipaza sauti, kifungua kinywa. Hata hivyo mimi huandika kimeng'enya. Sababu yangu ni ya darasani: kimeng'enyo na mmeng'enyo, yaani kusagwa kwa chakula tumboni, masikioni vinagongana. Halafu kimeng'enya kinakupa pacha wake bure. Kinachomeng'enywa kiite kimeng'enywa. Kimeng'enya na kimeng'enywa, kama mpenda na mpendwa. Wanafunzi wako wataacha kuhangaika na "substreti".

Kumeng'enya ni kukivunjavunja kitu kiwe vipande vidogo. Muuza mishkaki anayepaka nyama utomvu wa papai bichi anatumia kimeng'enya kwa maana hiyo hiyo: papaini inavunja protini, nyama inalainika. Atatokea mjuaji akuambie vipo vimeng'enya vinavyojenga badala ya kuvunja, hivyo jina ni bovu. Mjibu kwamba gari la moshi limeacha moshi siku nyingi na bado tunaliita hivyo.

Kuhusu aina zake, naomba nikupeleke kituoni Rangi Tatu, maana ni jirani yako. Umewahi kuingia daladala ukadhani imejaa, kumbe nusu ya waliokaa ni vijana wa kituoni, wamewekwa ili gari lionekane linakaribia kuondoka? Wamekaa kwenye kiti cha abiria, wana umbo la abiria, lakini hawaendi popote. Huyo ndiye kizuiaji kinachoshindana. Kinafanana na kimeng'enywa, kinakalia nafasi yake, hakimeng'enywi. Dawa yake ni umati: abiria wa kweli wakimiminika, vijana wanashuka mmoja mmoja, gari linajaa kama kawaida. Ndiyo maana kwenye mchoro wako kasi ya juu haibadiliki, ila inahitaji ukolevu mkubwa zaidi wa kimeng'enywa, yaani wingi wake kwenye mchanganyiko, kuifikia, na ile namba ya Michaelis, yaani ukolevu unaotoa nusu ya kasi ya juu, inapanda. Leonor Michaelis na Maud Menten waliichapisha hesabu hiyo mwaka 1913 huko Berlin, wakichunguza kimeng'enya kinachovunja sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi. Sukari ya ubaoni kwako ina ukoo mzuri.

Kizuiaji kisichoshindana hakigombei kiti. Hicho kimeshika pengine, kama pancha ya gurudumu la nyuma. Jaza abiria uwezavyo, gari haliendi. Kwenye daladala kumi, tatu zikiwa na pancha, kituo kizima kina magari saba. Kasi ya juu inashuka. Namba ya Michaelis inabaki ilipo, kwa kuwa yale saba yaliyobaki yanapakia kama siku zote. Aina ya tatu hungoja abiria akae kwanza ndipo igande juu ya vyote viwili, na hapo kasi na namba vyote vinashuka. Hiyo waeleze kwa maneno tu, mfano wa daladala hauifikishi.

Kama unataka mfano wa mwili badala ya kituo, chukua vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, wanavyomezeshwa wajawazito kliniki. Sulfadoksini iliyomo inafanana na paba, kitu ambacho kimelea cha malaria kinakihitaji kutengeneza folati, aina ya vitamini. Inakaa mahali pa paba. Mwenzake pirimethamini inazuia kimeng'enya kingine mbele kwenye njia hiyo hiyo. Tanzania tuliifanya SP dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 baada ya klorokwini kuchoka, na mwaka 2006 ikaipisha dawa mseto, kwa sababu vimelea vilikuwa vimebadili umbo la vimeng'enya vyao na mgeni wa bandia akawa hapokelewi vizuri tena. "Usugu", tunasema. Hapa Kiswahili hakihitaji kuongezewa kitu.

Na vipo visivyoachia. Aspirini ikishakipachika kipande chake kimeng'enya cha chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, chembe hiyo haina kiini cha kuitengenezea kingine, inaishi hivyo hadi mwisho wa maisha yake, siku saba hadi kumi. Hicho kiite kizuiaji cha kudumu. Nimesikia "kizuiaji kisichorudi". Kisichorudi wapi?

Turudi ubaoni. Kosa la kwanza ni ngeli: kizuiaji ni ki-vi, kwa hiyo "visivyo" na si "zisizo". Andika "vizuiaji visivyoshindana", neno moja, kwa kuwa shindana ni kitenzi. Ukipenda kivumishi, andika "visivyo shindani", maneno mawili. Usichanganye ukapata "visivyoshindani" limeungana. Hilo nimeliona hata kwenye karatasi za watu wazima.

La pili ni "inazuiliwa". Anayezuiliwa ni mtuhumiwa, ameshikiliwa mahali. Kimeng'enya kinazuiwa. Wala usiseme "kinazuilika" ukimaanisha hivyo. Magonjwa yanayozuilika ni yale yanayowezekana kuzuiwa, hata kama leo hakuna aliyeyazuia.

La tatu ni kuua. Kimeng'enya hakina uhai, ni protini, hakifi. Kizuiaji hukizuia, joto kali hukiharibu umbo. Na hapa Kiswahili kina hazina tumeikalia. Funga, fungua. Ziba, zibua. Umba? Umbua. Kuumbua ni kuliondoa umbo la kitu, na ndicho hasa joto linachokifanyia kimeng'enya: mkunjo wake unalegea, pale pa kushikia panapotea. Yai likichemka protini zake zimeumbuka. Najua siku hizi kuumbuka ni aibu ya mtu aliyekutwa na jambo, na darasa litacheka. Waache wacheke, kwenye mtihani watakumbuka.

Kichwa cha mada umeandika "Mwendokasi wa vimeng'enya". Kwa fizikia si kosa, ila kwa mtoto wa Dar mwendokasi ni basi. Andika "Kasi ya vimeng'enya".

Sentensi yako basi iwe: "Kizuiaji kisichoshindana hushusha kasi ya juu ya kimeng'enya, hata ukiongeza sukari." Na ile ritifaa kwenye ng' usiiache kwa sababu simu inakusumbua. Kwenye picha umeandika "kimengenya" mara nne, na kijana wa dawati la mbele, naliona daftari lake, keshainakili hivyo hivyo.